Machicha ya Sauti ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuandika meseji. Alikuwa mchuuzi wa uduvi na samaki wakavu. Ananunua Saadani, anauza Lugoba na Chalinze, na safari nzima simu iko mdomoni. Vidole vyake, alisema, viliumbwa kwa kufunga magunia, si kwa kutafuta herufi. Basi akawa anatuma voisi, ule ujumbe wa sauti. Na voisi ya mjomba haikuwa salamu, ilikuwa hotuba. Inaanza na bismillahi, inapita kwenye hali ya barabara, inasimama kidogo kumsema mtu aliyempita bila kumwamkia, inaishia pale lori litakapopiga honi na yeye kusahau alikuwa anasema nini. Kwenye grupu la familia wengi walishamzima sauti. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alimsikiliza kwa ule mwendo wa kasi, mjomba anatoka kama kasuku aliyekunywa kahawa.

Halafu koo likaota uvimbe. Madaktari wa Dar walimpasua wakautoa pamoja na kisanduku chake cha sauti. Alirudi Bagamoyo mzima, alhamdulillahi, akiwa na tundu dogo shingoni analolifunika kwa kitambaa cheupe, na kimya ambacho hakuna aliyekizoea. Walewale waliomzima kwenye grupu ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika kwamba grupu limepoa.

Kwetu mwanamume haingii uani kwa watu kimyakimya. Akiwa bado ukumbini anajikohoza kwanza, ndipo abishe hodi, ili wanawake walioko nyuma wajitengeneze na mwenye kichwa wazi avute khanga yake. Mjomba sasa hakuweza. Akikohoa, hewa inatokea shingoni na husikii kitu. Juma lile la kwanza alichomoza uani kwetu bila taarifa, akamkuta jirani anaosha nywele. Jirani alipiga yowe, beseni likapinduka, kuku wakaruka ukuta. Siku iliyofuata mjomba alikuja na kengele aliyoing'oa kwenye baiskeli yake, ameishika mkononi. Tangu hapo ikawa ndiyo ulimi wake. Kengele mara mbili ni hodi. Mara moja ni marahaba. Mfululizo usiokoma ni kwamba chakula kimechelewa.

Sisi tulicheka, na yeye alicheka, kwa mabega tu. Nikadhani amelizoea jambo hilo. Mpaka ilipofika harusi ya binti yake.

Siku ya ndoa, kabla shehe hajafungisha, baba wa bibi harusi huenda mwenyewe chumbani alikokaa binti yake katikati ya wanawake, akamuuliza kama ameridhia. Mjomba akasema haendi. Yaani aliandika, maana sasa alikuwa amejifunza kuandika, herufi moja moja, uso umekunjamana kwa hasira. Alitunyoshea simu tusome: "Atakwenda mdogo wangu. Binti haombwi idhini kwa kengele ya baiskeli."

Shehe aliulizwa. Akasema hakuna tabu yoyote, baba anaweza kuuliza kwa ishara au kwa maandishi, dini ni nyepesi. Lakini kilichomzuia mjomba hakikuwa dini. Ilikuwa aibu, na hiyo shehe hakuwa na dawa yake.

Binti mwenyewe, binamu yangu, ni mtu mpole kuliko sisi sote, na mtu mpole akikaza shingo huwezi kumsogeza. Alikuja chumbani kwangu akakaa juu ya kitanda, tena juu ya nguo nilizokwisha kupiga pasi.

"Dada, asipokuja baba mwenyewe mimi sijibu. Wakae huko msikitini mpaka isha."

"Utawaua watu kwa njaa."

"Wafe. Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie sauti yake. Asikike pale mlangoni tu. Akisikika, ataingia."

Nyumbani kwetu kazi yangu haijaeleweka vizuri. Naandika programu za kompyuta kwa ajili ya watu wa Dar, nikiwa palepale chumbani Bagamoyo, na nusu ya ukoo wanaamini natengeneza simu. Wananiletea chaja zilizokatika. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kuniomba kitu ambacho kweli ni kazi yangu, na nilijisikia vizuri mno kuliko ilivyostahili. Nikamwambia kwa mbwembwe: "Hilo dogo."

Mke wa mjomba alinipa kadi ya memori ya simu ya zamani ya mumewe. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya mafaili ya sauti. Sauti zake mwenyewe, na zote alizowahi kutumiwa: mawaidha, taarabu, vichekesho, mtu wa Chalinze anayelalamikia gunia lenye mchanga. Hakuna binadamu ambaye angeyasikiliza yote kabla ya harusi. Kwa hiyo niliandika programu. Inafungua faili, inaitambua sauti ya mjomba, inakata vipande vyote anavyosema maneno na kuviweka kwenye folda, kisha inakwenda kwenye faili linalofuata. Niliijaribu kwa mafaili machache, ikafanya kazi vizuri sana. Nikaipa kadi nzima, nikaenda kunywa uji.

Niliporudi ilikuwa imekufa. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyoiua, na sababu ikaandikwa waziwazi: programu yako imekula memori yote.

Memori ninayoisema si ile ya kutunzia picha. Hii ni meza ya kazi. Programu inatandaza pale kitu inachokishughulikia, ikimaliza inaondoa, inatandaza kingine. Programu yangu ilikuwa imejaza meza mpaka pembeni na bado inataka kutandaza.

Kwanza niliilaumu kompyuta kwa uzee. Nikafunga kila kilichokuwa wazi, hata ile filamu ya Kituruki niliyokuwa nimeiacha katikati, nikaanza upya. Ikafa. Nikatafuta faili kubwa kuliko yote na nikalipata: siku moja mjomba alisahau kuzima, simu ikarekodi mfukoni kutoka Chalinze mpaka mlangoni kwake, safari nzima, injini na makonda na mtoto wa mtu anayelia. Nikasema mwizi nimemkamata. Nikalitoa faili lile. Programu ikaenda mbele kidogo, halafu ikafa tena, kwa kunikomoa.

"Unagombana na nani humo?" mama aliuliza kutoka uani.

"Na programu."

"Imekufanya nini?"

"Inakula haishibi."

"Basi isomee dua," akasema, na nikamsikia akicheka peke yake.

Kulikuwa na njia ya mkato. Ningeweza kuilisha mafaili kidogo kidogo, niizime, niiwashe, niilishe tena. Kila ukiizima meza inafutwa yote. Kazi ingekwisha mchana uleule. Watu wenye akili zao wangefanya hivyo. Mimi nina ubishi. Nikijua kuna kitu kinavuja siwezi kukaa kitako, na siku ile nilishakasirika, nilitaka kumjua mkosaji kwa sura.

Nikachukua faili moja fupi, mjomba akisema, "Nimefika Lugoba, mvua." Basi. Nikaiamuru programu ilishughulikie faili hilohilo, tena na tena. Kama programu ni mwaminifu, meza haitajaa: inatandaza kidogo, inaondoa, inatandaza kidogo, inaondoa. Nikafungua ule mchoro unaoonyesha memori inavyotumika, nikakaa nautazama. Nimefika Lugoba, mvua. Mstari ukapanda. Nimefika Lugoba, mvua. Ukapanda tena. Haukushuka hata mara moja. Nilifurahi kama mtu aliyesikia panya anatafuna, sasa anajua yuko chumba gani. Tatizo halikuwa ukubwa wa mafaili, programu yenyewe ilikuwa inashikilia kitu na haikiachii.

Nikaanza kuizima sehemu moja moja. Nilizima ile inayotambua sauti, mstari ukaendelea kupanda. Nikairudisha, nikazima ile inayokata. Mstari ukalala. Nikaisoma sehemu ya kukata neno kwa neno, na mkosaji alikuwa pale, amekaa wazi, na jina lake kwenye paji la uso. Jina nililompa mimi mwenyewe. Machicha.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu nyumba yetu. Mama akikuna nazi na kukamua tui, machicha hayatupwi. Yanaingia kwenye bakuli, yanafunikwa, yatakuja kufaa: kuku watakula, au yatakamuliwa tena jioni, au atatokea mtu ayatake. Hajawahi kutokea mtu akayataka, lakini bakuli halijawahi kutupwa. Mimi nimelelewa kando ya bakuli lile. Kwa hiyo nilipokuwa naandika programu, na nimeshakata vipande vyenye maneno, mkono wangu ulishindwa kuandika kwamba mabaki yatupwe. Upepo, honi, kuvuta pumzi, vishindo vya mlango: vyote nikaviwekea kapu, nikaliita machicha, nikajiambia nitaviangalia baadaye. Na kapu lenyewe nililiweka juu ya meza. Kila faili likipita, tui linakwenda kwenye folda, machicha yanabaki mezani. Kwa mafaili machache huoni kitu. Kwa maelfu, meza nzima ni machicha.

Nilicheka mpaka nikalala chali. Programu yangu ilikuwa imerithi tabia ya ukoo.

Mtu aliyelelewa kwingine angefuta mstari ule mmoja, mambo yakaisha. Na mimi niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Sikuweza. Badala yake nikaandika kwamba kila faili likimalizika, machicha yake yamwagwe kwenye folda yake ndani ya diski, kusiko na ufinyu wa nafasi, na meza ifutwe. Nikaiwasha tena. Mstari ukapanda kidogo, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Nikautazama unavyohema vizuri vile mpaka adhana ya alasiri, na kadi nzima ikaisha bila programu kufa.

Nikampigia binamu aje. Tulikaa chini kwenye mkeka, folda ya maneno mbele yetu, na mjomba akaanza kusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Binamu alishika goti langu akalibana.

Tulitafuta "mwanangu". Zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na amri nyuma yake. Mwanangu, funga geti. Mwanangu, mwambie mama yako sijapotea. Mwanangu, ule uduvi usiuache juani, utakuwa mchanga. Tukatafuta "karibu". Tukaipata moja safi, haina upepo wala lori, sauti imejaa kabisa.

"Karibuni, karibuni! Dagaa wa Saadani huyu, hana mchanga!"

Binamu alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Ndiyo niolewe na dagaa?"

Tuliendelea mpaka tukachoka. Yule mtu aliyesema kuliko wote katika ukoo wetu hakuwa amewahi kusema neno moja linalofaa kusemwa mlangoni kwa bibi harusi. Binamu alijifunika mtandio, akaniambia ahsante dada, umejitahidi. Nilipoona jinsi alivyovaa viatu polepole, niliumia. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi yake nilitaka kuifuta kazi nzima kwenye kompyuta. Kabla ya kufuta nikasema niangalie angalau yale machicha, nijue programu haikuacha neno humo kwa bahati mbaya. Nikaichukua kompyuta mpaka uani, kwenye upepo, nikaiacha ijipigie yenyewe. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Yule jirani wa beseni alikuwa kando yake anasuka ukili wa mkeka, kichwa wazi. Kompyuta ikapiga upepo. Ikapiga sahani. Ikapiga kipande cha lori. Halafu mtu akajikohoza: mara mbili fupi, na ya tatu ndefu, ile ya kuvuta kutoka tumboni na kuimalizia puani.

Jirani akaachia ukili, akavuta khanga kichwani.

"Pita kaka," mama akasema, bila kuinua uso kwenye nazi. "Hakuna mgeni."

Kisha mkono wake ukasimama. Tukageuka wote watatu kutazama ukumbi. Ukumbi ulikuwa mtupu, mlango wa mbele uko wazi, mbuzi wa watu anapita barabarani.

Kumbe ndivyo alivyokuwa akizirekodi voisi zake. Anaanza hotuba yake njiani, anaingia nayo nyumbani kwa mtu, anajikohoza mlangoni katikati ya sentensi, anaendelea. Programu yangu ilisikia kikohozi, ikaona si neno, ikakitia kwenye machicha. Vilikuwa vingi humo. Kila mlango aliowahi kuuingia.

Mama alifuta mikono kwenye khanga yake. "Irudie," akasema.

Nikairudia mpaka jirani akaanza kulia na kunilaumu kwa nini namliza na ana kazi.

Mchana nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa barazani, kengele juu ya paja.

"Shikamoo mjomba."

Kengele, mara moja.

Sikumweleza kitu, kwa sababu nilijua nikianza kueleza nitaharibu. Nikaweka simu mbele yake nikabonyeza. Mbili fupi, moja ndefu. Uso wake haukubadilika. Akainyakua simu mkononi mwangu, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza mwenyewe.

Kutoka jikoni mkewe akapaza sauti: "Na hivyo viatu uviache hukohuko nje!"

Mjomba alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, kicheko chake kile kisicho na sauti, kitambaa cha shingoni kinapanda na kushuka, mpaka ikabidi akishike. Mkewe alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akatuangalia mmoja mmoja, akakaa chini palepale kizingitini. Mjomba alipomaliza kucheka alikuwa anafuta macho. Akaandika, herufi moja moja, na safari hii uso haukukunjamana: "Nitilie kwenye simu yangu."

Siku ya harusi chumba kilijaa mpaka hatukuwa na pa kuweka miguu. Udi, asumini, watoto wachanga, masinia ya visheti juu ya kabati. Bibi harusi katikati, kainamisha uso, hina mpaka kwenye viwiko. Hajui kitu, nilikuwa nimeapa kwa mama kwamba sitamwambia, kwa sababu hatukuwa na hakika mjomba atafika mlangoni au atageukia njiani. Somo yake, kungwi aliyemfunda, alikuwa amekaa kando anamnong'oneza mafundisho ya mwisho. Ukiulizwa, usijibu upesi. Nyamaza. Waulize tena, unyamaze. Mwanamke hajibu kama anayegombea nafasi kwenye basi. Binamu anatikisa kichwa, lakini mimi namwona macho yake, na najua anasubiri kumsikia baba yake mdogo ili asijibu kabisa.

Tukasikia miguu ya wanaume ukumbini. Ikasimama nyuma ya pazia la mlangoni. Pazia halikutikisika, nikasema moyoni, basi, mjomba ameghairi.

Mtu akajikohoza. Mbili fupi, moja ndefu.

Khanga zikapanda chumba kizima kwa pamoja, hata vikongwe, hata walioifahamu siri. Bibi harusi akainua uso. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Shikamoo baba," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Nimeridhia."

"Hujaulizwa!" Somo akamfinya paja. "Mtoto huyu! Hata hujaulizwa!"

Pazia lilikuwa bado halijafunuliwa. Nyuma yake kengele ikalia mara moja.